Mwandiko ya Nadège

Mi nakasirika bantu bakisema rafiki yangu Vainqueur alikunywa siku ile. Hakukunywa! Anachapa mialiko ya ndoa hapa Baraka. Mama Inamahoro aliingia na mvua, akamutupia kadi ya mukwe wake, mwenye alifiwa na bibi yake Nadège, binti ya huyu mama, na sasa anaoa tena.

“Nani alikupa mwandiko ya mutoto wangu? Iko kaburini!”

“Mama, hizi herufi za mikia ziko mu ordinatère, hii mashini yangu. Bibi-arusi bote banazipenda.”

“Muongo! Kadi za kanisa, Nadège aliziandika hivi na kalamu yake, bic ya bleu!”

Courant ikakatika. Mu giza, imprimante, mashini ya kuchapa, ikaanza kukwaruza, sawa bic juu ya karatasi. Vainqueur akawasha simu. Kadi moja ilikuwa imetoka. Pa jina ya bibi-arusi paliandikwa Nadège, wino bado mubichi, ya bleu. Imprimante ile iko na nyeusi tu.