Ulimi Uliofunga Sauti ya Umulisa

Mwaka 1992 tulikaa mtaa wa Nyakabanda. Baba yetu, Viateur, alishona viatu barazani. Mama alikuwa mgonjwa wa moyo. Dada yangu Umulisa aliimba katika kwaya ya parokia, na kila jioni alimwimbia mama zaburi huku akimenya viazi.

Kisha sauti yake ikaanza kukwama. Alitaka sauti nzito kama ya wakubwa wa kwaya, akawa anaivuta ndani.

"Unaimba kama umemeza kiazi cha moto," baba alimtania. Halafu akaogopa. "Hilo koo linaumwa. Kunywa asali na tangawizi. Usiimbe mpaka nikuambie."

Umulisa alitii. Wiki zikapita. Mama akauliza, "Viateur, mtoto ataimba lini?"

"Pona wewe kwanza. Na yeye atakuwa amepona."

Mama alifariki mwezi wa nane. Nyumba ilikuwa kimya.

Majirani walikuja kuketi nasi. Mmoja wao alikuwa Alida, mwalimu wa nyimbo kutoka Bujumbura. Ukuta mmoja tu ulitutenganisha naye. Umulisa alimwambia kwamba alitamani kuimba siku ya kumaliza kilio, lakini koo lake lilikuwa bovu.

"Linauma?"

"Haliumi."

"Basi niimbie kidogo."

Alida alisikiliza, akaweka kidole gumba chini ya kidevu cha dada. "Hapa ni pagumu kama jiwe. Koo ni zima, mwanangu. Unavuta ulimi nyuma. Shina lake linaziba njia ya sauti."

"Si ndiyo sauti inakuwa kubwa?"

"Masikioni mwako. Sisi tunasikia mtu ndani ya gunia."

Umulisa alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Alida alimpa kioo. "Ncha ya ulimi iguse meno ya chini. Sema aa. Ulimi unalala. Sema ii. Katikati panapanda, ncha inabaki palepale. Sema uu. Nyuma panainuka kidogo, midomo inakuwa mviringo. Taya lilegee. Kidole kikikuta pagumu, acha, anza upya."

Alifanya mazoezi kila siku. Polepole sauti ikafunguka.

Siku moja baba alisimama mlangoni akisikiliza. "Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, Baba Umulisa."

"Na wewe ulikuwa hapo nyuma ya ukuta."

"Nilisikia kimya. Nikadhani ni huzuni ya ugonjwa."

Baba alirudi barazani kwenye viatu vyake.

Siku ya kumaliza kilio, Umulisa aliimba ile zaburi aliyomwimbia mama. Kila neno lilisikika mpaka barabarani. Watu walimsifu. Baba aliangalia mikono yake.

Miezi michache baadaye, Kabera, jirani yetu, alimkataza binti yake kuimba kwa sababu sauti ilikwama. Baba aliacha kiatu nusu, akaenda kwake.

"Kama koo linauma, mpeleke zahanati," alisema. "Kama haliumi, mpeleke kwa Alida. Lakini mpeleke leo, Kabera. Mama yake angali anasikia."