Sauti ya Chini Kabisa

Aliyesimulia kwanza ni Soila, mke wa kaka yangu Lemein. Alisimulia Aprili 2023, jikoni kwa mama yetu, Kajiado, akiwa ameegemea ukuta kama mtu asiyetaka kitu kipite nyuma yake. Hakurudia tena. Naandika kama alivyosema, ila jina moja siliandiki.

Lemein alikuwa akitoka kazini anachanganya nyimbo za harusi kwenye kompyuta, kwao Kitengela. Chumba kilikuwa kimoja. Spika zilimwamsha mtoto, na mtoto akiamka hakuna anayelala. Basi jioni moja, giza likianza kuingia, wakaenda kutafuta hedfoni. Alitaka zenye besi nzito, za kazi ya nyumbani, na zinazokunjika abebe akisafiri. Wote wawili walikuwa wamechoka. Mtoto alikuwa mgongoni mwa Soila.

Kiragu, mwenye kibanda, alizipanga juu ya meza.

"Hizi, boss, hata meno yatacheza."

Lemein alizijaribu. "Besi imevimba. Inafunika kila kitu."

"Na hizi?"

"Hizi hazidanganyi, lakini zinabana kichwa."

"Baba, unatafuta hedfoni ama bibi wa pili?" Soila aliuliza. Kiragu akacheka.

Lemein alikuwa na wimbo mmoja wa kupimia. Aliurekodi zamani, wanaume wakiimba langoni pa boma letu. Chini kabisa kuna sauti moja ya kooni, inanguruma kama fahali aliye mbali. Ni ya kaka yetu mkubwa. Alifia kwenye barabara ya Namanga. Kwetu aliyekufa hatajwi jina. Ukilitaja umemwita.

Za tatu zilikuwa nzito, zikafunika masikio yote. Lemein akafumba macho. Mabega yakashuka.

"Hizi!" alisema kwa kelele. Hakuisikia sauti yake mwenyewe.

Kiragu akainua upande mmoja, akasikiliza kidogo. "Eh! Huyu wa chini ni nani?" Akauachilia.

Lemein akajibu, macho bado yamefumba. Alilitaja jina. Alilitaja kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya korongo.

Soila alimshika mkono. "Umesema nini?"

Alizivua. Hapo ndipo harufu ilipokuja... ngozi mbichi, na vumbi lililonyeshewa. Hakukuwa na mvua.

"Zima," Soila alinong'ona.

"Nimezima."

Akamwonyesha simu. Wimbo ulikuwa umesimama. Lakini ile sauti ya chini iliendelea... taratibu... kama mtu anayepasha koo. Kiragu aligusa spika zake moja moja.

"Si hapa," alisema.

Soila alijua si hapo. Alikuwa akiisikia kwenye uti wa mgongo wake.

Ilitoka kwa mtoto.

Walimlipa Kiragu bila kubishana, wakaenda nyumbani. Mtoto hakulia. Alinyonya macho wazi, kifua kikinguruma. Lemein alivaa hedfoni mpya asisikie. Akazivua haraka.

"Humu ndani yuko karibu zaidi," alisema.

Asubuhi walikuja Kajiado. Mama aliweka sikio kwenye kifua cha mtoto. Kisha akamgeukia Lemein.

"Ulimwita?"

"Sikusikia nikilitaja, Yeiyo," Lemein alimwambia mama.

"Yeye alisikia."

Mtoto alikuwa hajapewa jina. Kwetu mtoto hukaa na jina la kubembelezea mpaka siku ya kunyolewa. Sherehe tulikuwa tumeisogeza mara kwa mara, kazi na uchovu. Mama alisema mtoto asiye na jina ni nyumba isiyo na mlango.

"Anyolewe leo. Apewe lake kabla huyo hajazoea."

Hakukuwa na wageni. Mimi nilishika beseni. Wembe ulipopita utosini, mngurumo ulikatika. Mama akatamka: Naisula. Kisha akalia, na sikujua kama alilia kwa furaha. Ile ilikuwa sauti ya mwanawe.

Jikoni, baada ya kunisimulia ya kibandani, Soila aliniuliza, "Wifi, aliondoka ama alinyamaza tu?"



Lemein yu hai. Hedfoni bado anazo na anasema besi yake ni nzuri, lakini ule wimbo aliufuta. Soila yu hai. Kiragu yu hai, yuko palepale kibandani. Mama alituacha mwaka jana, naye sasa hatumtaji jina.

Naisula yu hai. Anakula vizuri, anakimbia na mbuzi. Daktari alimpima masikio, akasema ni mazima. Ila ukimwita Naisula, hageuki.

Lile jina jingine, la kaka yetu, hakuna aliyethubutu kulijaribu.