Rubani Aliyekimbia Ng'ombe

Siku ya mchezo wa ng'ombe kule Pujini, watu nyomi, zumari limepamba moto, dume jekundu likakata kamba likauvamia umati. Kila mtu na roho yake! Nahla, mshona kofia wa Madungu, alikimbia na baibui lake jipya mpaka chini ya mfenesi, akasikia mtu anahema juu ya kichwa chake.

"Kaka, limeshapita. Shuka."

"Limepita kweli?"

"Wallahi. Kwani kazi yako nini, na woga huo?"

"Rubani," akajibu kijana, shati jeupe limechanika kwapani. "Wa jeshi. Bado nasomea."

Nahla alicheka hadi akakaa chini. "Rubani anakimbia ng'ombe! Makubwa!"

Huyo ndiye Haroub, mtoto wa Mkoani. Mapenzi yakaanzia hapo mtini, yakahamia kwenye simu, maana kambi yake iko bara. Kila siku saa kumi, akishatua, hupiga: "Laazizi, nimeshuka mtini." Hapo ndipo Nahla anapopumua. Kabla ya hapo chakula hakipiti, na sindano humchoma vidole.

Posa ikapelekwa, ikakubaliwa. Lakini nikaha, kila ikipangwa, Haroub anaahirisha. Mara tatu! Ruweida, dada yake Nahla, akasema, "Mwanamme akimkwepa shehe, ana wake huko bara." Nahla akaamini. Simu ilipolia, hata salamu hakuitikia.

"Una mwanamke huko?"

Haroub akamweleza. "Nahla, mwezi uliopita mwenzetu kaanguka na ndege. Mkewe ana miaka ishirini na moja, yumo edani. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi. Na sisi tunatayarishwa kwenda kulinda amani penye vita, mazoezi yamekuwa makali. Naogopa. Nikifa hujawa mke wangu, utalia wiki, kisha utaolewa na mwengine. Sitaki kukufunga."

"Mjinga wewe! Nikulilie kama jirani? Kilioni nikae wapi, mlangoni? Nioe, Haroub. Hiyo eda unayonionea huruma ni haki yangu."

"Huogopi?"

"Naogopa sana. Nioe hivyo hivyo."

Haroub hakupata ruhusa ya kuja, akamfanya baba yake, Mzee Msellem, wakili wake. Ijumaa nikaha ikafungwa. Nahla, hina mpaka viwikoni, gauni la kijani, akaingoja saa kumi.

"Nimeshuka mtini, mke wangu."

"Sema tena."

"Mke wangu. Likizo ikifika nakuja kukuchukua."

Jumatano saa kumi ikapita. Simu kimya. Akapiga yeye, haipatikani. Kofia aliyokuwa akimshonea bwana harusi wake ilibaki tundu moja tu kukamilika, lakini akaiweka, akapiga tena. Jua linazama, Mzee Msellem akaingia bila hodi, viatu mkononi.

"Ndege ya mazoezi, mwanangu. Walikuwamo wawili. Hakutoka mtu."

Nyumba ikajaa vilio. Ruweida akamkumbatia mdogo wake, akamgeukia Bi Kazija, mama yake Haroub. "Huyu mumewe hajamgusa hata mkono. Hana eda huyu, avuliwe mzigo huo."

Nahla akaruka, akawa mkali ajabu. "Anayeachwa kabla hajaingiliwa ndiye asiye na eda. Mimi sikuachwa, nimefiwa! Msininyang'anye!"

"Hakuna wa kukunyang'anya," Bi Kazija akasema. Akamvua bangili moja moja, akamkalisha ubavuni pake, mahali pa mke.

Kesho yake Nahla hakula, simu mapajani, macho kwenye saa. Ilipofika saa kumi ndege ya jeshi iliyobeba jeneza ikanguruma juu ya Chake, ikaenda uwanjani. Nahla akaukamata mkono wa mkwewe. Simu ya Bi Kazija ikalia. Akasikiliza, akaikata.

"Wameshamshusha, mwanangu."

Nahla akapumua, kisha akalia.