Mpimaji wa Timboni

Kiti cha baiskeli kilikuwa kimepanda. Si sana, upana wa vidole viwili tu, lakini Leonida alikiona mara alipoisukuma baiskeli kutoka sebuleni asubuhi ile. Utepe mweusi ambao fundi Omanga alikuwa ameuzungusha kwenye nguzo ya kiti kuonyesha kipimo chake ulikuwa umeachana na fremu, na chuma kitupu kiling'aa katikati.

Akamwuliza mumewe kama ameigusa. Gordon, mwalimu wa shule ya msingi ambaye hakuwa amepanda baiskeli tangu avunjike mkono utotoni, alicheka na kuendelea kunywa chai. Leonida akatoa spana yake ndogo iliyopinda, akakishusha kiti, akaenda kazini.

Alikuwa muuguzi katika kituo cha afya kijijini, ng'ambo ya vilima vya Rangwe, na barabara ya kufika huko ilikuwa ya changarawe tupu. Mvua ikinyesha, watu wa boda boda walikataa kumpeleka. Zamani, alipokuwa msichana wa shule kule Migori, aliwashinda hata wavulana kwa baiskeli, kisha akaolewa na kuambiwa na mama mkwe wake kwamba mke wa mtu hapandi kitu kama hicho. Alitii miaka mingi. Mwaka huu akaamua imetosha. Akaagiza baiskeli mpya kutoka Migori mjini, yenye matairi mapana ya kupita kwenye kokoto na usukani uliopinda chini kama pembe za kondoo dume. Omanga aliiunganisha sokoni Rangwe. Alimsimamisha Leonida ukutani bila viatu, na kwa sababu ya haya akamwachia Gordon kazi ya kushika futi. Akapandisha kiti, akashusha, mpaka kisigino cha Leonida kilipolala juu ya pedali na goti likanyooka. Akausogeza usukani karibu, maana mikono yake ilikuwa mifupi. Siku ile Leonida alirudi nyumbani anacheka peke yake barabarani.

Kosa, kama lilikuwa kosa, lilitokea timboni. Karibu na barabara hiyo kuna timbo la zamani, shimo walilochimba changarawe kisha wakaliacha, nalo likajaa maji mekundu. Hakuna anayechota humo. Leonida, baiskeli yake mpya ikiwa imejaa tope, alishuka huko jua la utosi akaiosha, akajifuta mikono, akaenda zake.

Sasa kiti kilipanda kila kulipokucha. Alikaza bolti kwa nguvu zake zote, kikapanda. Jioni, akiwa jikoni anasonga ugali, alisikia gurudumu la nyuma likizunguka sebuleni, trrrr, trrrr, kama mtu anayelisukuma kwa kidole, na alipofika lilikuwa linapunguza mwendo. Nyumba ikawa inanuka udongo uliolowa, ilhali mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Halafu kukaja asubuhi ambayo aliharakisha, akapanda bila kukishusha kiti. Alikuwa ameshafika mtoni alipogundua kwamba miguu yake inafika kwenye pedali. Inafika vizuri kabisa, kisigino na goti, kama alivyopimwa. Akashuka, akajitazama. Gauni lake jeupe la kazi, ambalo siku zote lilifunika magoti, lilikuwa limekomea juu yake.

Jioni Gordon alimsimamisha ukutani tena, akapima, akapima upya. Hakucheka.

Walikuwa Waadventista, na Sabato iliyofuata, baada ya ibada, Leonida alijinyoosha kitandani mchana kweupe, dirisha wazi, kuku wakiparua nje, na hapo katikati ya kusinzia na kuamka akahisi kidole kimoja, baridi kama jiwe la mtoni, kikianzia nyongani na kushuka polepole ndani ya paja lake, kikapita goti, kikapita ugoko, kikafika kisiginoni na kutulia hapo kama fundi anayesoma namba, kisha kitu kikaushika mguu wote na kuuvuta taratibu, bila hasira, kama mtu anavyonyoosha shati lililonywea, naye akataka kupiga kelele na kinywa chake kikajaa ladha ya udongo.

"Bado kidogo," sauti ikasema sikioni pake. "Utanitosha."

Pasta Mayaka aliitwa. Aliomba hadi shati likamlowa, na kesho yake usukani ulikuwa umesogea mbele kiganja kizima, na mikono ya Leonida ilikuwa imetoka nje ya mikono ya sweta yake. Pasta akanong'ona kwamba hili ni jini, na kwamba chombo chake lazima kiteketezwe. Gordon alikuwa ameshachukua mafuta ya taa. Leonida akasimama mlangoni.

"Ukiichoma, Baba Sheila, miguu yangu atairudisha nani?"

"Tutanunua nyingine, mama. Hii imelaaniwa."

"Hii ni yangu. Niliwahi kuambiwa nishuke, nikashuka. Sishuki tena."

Saa sita mchana aliisukuma hadi timboni. Gordon alimfuata hadi ukingoni, akabaki ameshika mti. Leonida akateremka mpaka chini. Maji mekundu yalikuwa yametulia tuli, na ndani yake aliona kivuli cha baiskeli yake, na juu ya kiti kivuli cha mtu mrefu sana, mwembamba, aliyekunja magoti akisubiri.

Akalegeza bolti, akakishusha kiti hadi pale pa utepe. Akaurudisha usukani. Akakaza.

"Baiskeli hupimwa kwa mtu," akaliambia lile shimo. "Mtu hapimwi kwa yeyote. Mimi si nguo yako."

Akapanda. Magoti ya miguu yake iliyorefushwa yalimpiga kifuani, na mteremko wa kutoka mle ndani ulikuwa mkali na wa kokoto zinazoteleza, na alipokanyaga pedali ya kwanza kitu kililishika gurudumu la nyuma likawa zito kama gunia la mchanga uliolowa, naye akakanyaga, nacho kikavuta, akasikia mifupa ya mapaja yake ikirudi ndani kwa uchungu aliokuwa ameuona kwa akina mama wa wodini lakini hakuwahi kuujua mwilini mwake, na nyuma yake sauti ile ikaanza kubembeleza, kisha kulia, kisha kumtukana kwa sauti ya mama mkwe wake aliyekwisha kufa, na bado akakanyaga, macho yake kwa Gordon tu, ambaye hatimaye aliuacha mti, akashuka mbio huku anamtaja Mungu, akaushika usukani kwa mikono miwili na kuvuta.

Wakaangukia barabarani pamoja. Gauni la Leonida lilifunika magoti.

Mguu mmoja haukurudi wote. Wa kushoto umebaki mrefu kwa unene wa kidole, na akitembea anachechemea. Omanga alimshonea kipande cha raba chini ya kiatu cha kulia, akampima upya.

Watu wengine sasa huzunguka kwa barabara ya lami ili kuliepuka timbo. Gordon amemsihi Leonida afanye vivyo hivyo, kwa sababu bado kuna siku ambazo maji ya timbo hutoa mapovu anapopita, na sauti humwita kwa jina lake la ubatizo, kwa upole, kama anavyoitwa mgonjwa anayefuata kwenye foleni.

"Huogopi?" akamwuliza wiki iliyopita.

"Naogopa," Leonida akasema, akifunga kofia yake ya plastiki kidevuni. "Lakini kuna mama anajifungua, na kwa lami ni mbali."

Akakanyaga pedali, akashika njia ya timboni.