Kaburi la Boksi

Kila asubuhi, kabla ya kumsalimu mtu yeyote, Koko Annonciata aliisalimu redieta, lile bomba la ukutani linalopasha nyumba joto. Aliibandika viganja, akaiuliza imelalaje, na ikiwa ya baridi aliinunia mpaka saa nne. Koko ndivyo Sagesse na mdogo wake Emery walivyomwita bibi yao, kama wanavyosema kwao Kongo. Mama yao, Sylvie, alitoka alfajiri kwenda kazini kuhudumia wazee, kwa hiyo uji, nywele za Sagesse na viatu vya Emery vilikuwa shughuli ya Koko.

Wiki ile ya mwisho wa Oktoba shule zilikuwa zimefungwa. Mvua ilikuwa imeinyeshea Aston, mtaa wao huku ughaibuni, mfululizo, hata ikasemekana samaki wa dukani wameanza kuomba miavuli. Jumatano mvua ikakatika. Koko akapanda basi kwenda mtaa wa Small Heath kununua dagaa na sombe, yale majani ya muhogo, na Fanuel akaja na maboksi matupu.

Fanuel alisoma darasa moja na Sagesse na alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Mama yake, Kerubo, alikuwa muuguzi kutoka Kenya, na familia zote mbili zilisali kanisa moja la Kiswahili.

"Mtaa wote umepambwa kwa Halowini, isipokuwa kwenu na kwetu," alisema Fanuel. "Hata yule mzee wa kona asiyesalimia mtu ameweka boga mlangoni."

Wakaanza kutengeneza mapambo ya kutisha, maana siku ya Halowini watoto huvaa kama vizuka na kuomba peremende mlango kwa mlango. Walikata popo kutoka mifuko myeusi ya taka. Walikoroga unga wa ngano na maji moto kuwa gundi, wakatengeneza vizuka vya karatasi za chooni. Emery akajaza karatasi kwenye glavu ya mpira hadi ikawa mkono mnene. Mwisho walikata maboksi yakawa mawe ya makaburi, wakayapaka rangi ya kijivu.

Fanuel aliandika kwenye lake: HAPA AMELALA BWANA TUMBO. ALIKUFA AKINGOJA CHIPSI. Emery alicheka mpaka akakalia gundi.

Sagesse alitaka lake liwe zuri zaidi. Marehemu mmoja tu ndiye aliyemjua kwa jina, babu yake, ambaye hakuwahi kumwona. Akaandika kwa herufi za kupendeza: IGNACE, MUME WA ANNONCIATA. Akalizungushia jina hilo maua.

"Hiyo imeweza," alisema Fanuel, kisha akasita. "Lakini si huyo ni babu yako? Koko hatakasirika?"

"Ni boksi tu, Fanuel."

Wakayasimamisha kwenye kijibustani cha mbele. Emery akauchomeka ule mkono wa glavu mbele ya jina la Ignace, kana kwamba mtu anatoka udongoni. Fanuel akaenda kwao kula.

Koko aliporudi, alisimama getini. Mfuko wa dagaa ukamdondoka, asiuokote. Alipiga magoti kwenye udongo uliolowa, akaushika ule mkono wa glavu, taratibu, kama mtu anayemshika mgonjwa. Karatasi zikatoka. Akabaki na mpira mtupu kiganjani.

"Nani aliandika hii jina?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Sagesse hakuwahi kumwona Koko akilia hadi siku ile. Alitaka kusema ni yeye, lakini mdomo ukasema jingine.

"Ni Fanuel. Alikuwa anacheza tu."

Emery akafungua kinywa. Sagesse akamkazia macho, akakifunga.

Jioni ile Mama alimwita Sagesse jikoni.

"Vita vilipofika kijijini kwetu, tulikimbia usiku," alisema. "Babu yako alikuwa mgonjwa. Njiani akashindwa kutembea, na kabla hakujapambazuka akakata roho. Askari walikuwa nyuma yetu. Koko alimfunika kwa kitenge chake, akatushika sisi watoto, tukaenda. Mpaka leo hajui kama kuna mtu aliyemzika. Hata matanga hatujakaa. Anasema hawezi kumlilia mtu asiyejua amelala wapi."

Sagesse alitazama sakafu. Sasa ukweli ulikuwa mzito mara mia, na kuusema kukawa kugumu zaidi.

Kesho yake Fanuel alibisha hodi. Koko alifungua mlango nusu.

"Rudi kwenu," alimwambia. "Usikanyage tena hapa. Umecheza na maiti yangu."

Fanuel alimtazama Sagesse, aliyekuwa kwenye ngazi nyuma ya Koko. Sagesse akainamisha kichwa. Mlango ukafungwa.

Ijumaa, siku yenyewe ya Halowini, Kerubo alikuja moja kwa moja kutoka hospitali, sare bado mwilini, chapati mkononi, na Fanuel nyuma yake.

"Mama, nimesikia habari za lile kaburi, nimekuja na huyu wangu tuombe msamaha," alimwambia Koko. "Tangu jana namuuliza, hasemi. Anatazama viatu tu. Fanuel, piga magoti."

Fanuel akaanza kuinama.

"Usipige," alisema Sagesse. "Ni mimi. Mimi niliandika. Yeye aliniuliza kama Koko hatakasirika."

Kerubo aliweka chapati mezani polepole. Koko alimgeukia Emery.

"Wewe ulijua?"

"Aliniangalia na macho," alisema Emery, akaangua kilio.

Sagesse alimtazama Fanuel. "Mbona hukusema?"

"Nilijua utasema mwenyewe," alijibu Fanuel. "Nikangoja. Halafu ukachelewa sana."

Maneno hayo yalimuuma Sagesse kuliko kiboko. Lakini kabla yeye hajalia, Koko alikuwa analia. Alimwendea Fanuel, akamshika mashavu.

"Mtoto wangu, nilikufukuza kama mbwa. Unisamehe."

Baadaye, walipokuwa wameketi, Kerubo aliuliza, "Mama, kwani matanga ya mzee hamkukaa?"

"Bila kaburi, nitakaa namna gani?"

"Wewe uliyempenda uko hapa. Tukae leo."

Akawapigia simu akina mama wa kanisa. Kiza kilipoingia, sebule ilikuwa imejaa, chai inachemka, nyimbo zinaimbwa kwa sauti ya chini. Sylvie alifika kutoka kazini, akaketi miguuni pa mama yake bila kuvua koti. Watoto wa majirani waligonga mlango wakiwa wamevaa kama vizuka, wakawakuta wanawake wenye vilemba wakilia. Wakasahau kuomba peremende. Mmoja wao alivua kinyago na kusema pole.

Koko alimwita Sagesse kando yake.

"Lile boksi liliniumiza," alisema, "lakini uliandika kwa upendo, nimeona maua. Kilichonivunja ni uongo. Uliniambia ni Fanuel, nikakuamini, nikamchukia mtoto wa watu asiye na kosa. Ulikosa wewe, ukanikosesha na mimi."

"Nisamehe, Koko."

"Nimekusamehe. Na utakosea tena, maana wewe ni mtu. Siku hiyo uje uniambie mwenyewe. Nitakasirika, pengine nitalia, halafu yataisha. Lakini nikikuuliza ni nani, usinipe tena jina la mtoto mwingine."