Uchovu wa Dalenda

Nyumbani kwa Neziha, mjini Kairouan, nchini Tunisia, kazi ilianza mara tu baada ya chai ya asubuhi. Neziha alifuma mazulia. Mke wa mwanawe, Dalenda, alikaa ubavuni pake. Walifunga mafundo ya sufi huku wakipiga soga.

Dalenda alikuwa na kisukari cha aina ya kwanza tangu utotoni. Mwili wake hautengenezi insulini, kwa hiyo alijidunga sindano kila siku. Hakuwahi kuiacha hata siku moja.

Lakini mwaka huo uchovu ulimwandama. Aliamka amechoka. Ikifika saa nne asubuhi, vidole vilikuwa vizito. Mara ashikwe na kiu, mara jasho limtoke. Siku moja alifunga sufi nyekundu mahali pa buluu, mistari mitatu mizima.

"Yarabi!" Neziha alisema. "Hili ni zulia au shuka la viraka?"

"Nisamehe, mama. Macho yameingia ukungu."

"Leo macho, jana miguu! Bibi harusi hupumzishwa siku saba. Wewe mwaka wa tatu huu, bado unalala mchana!"

Neno hilo lilimchoma Dalenda. Alifumua mafundo. Mara nyingi alipopima sukari aliikuta juu, basi akaongeza dozi mwenyewe, bila kumuuliza daktari.

Alhamisi moja alivaa gauni lililombana tumboni. Akaona taabu kulifungua, akajidunga pajani. Akanywa chai, akala mkate, akaketi kufuma. Haikupita saa moja, mikono ikaanza kutetemeka. Jasho likamlowesha. Akateleza kwenye benchi, akakaa chini sakafuni.

"Mama," alinong'ona, "sukari imeshuka."

Neziha alitupa sufi, akakimbilia mlango wa pili. Hapo aliishi Saloua, muuguzi wa kliniki ya kisukari. Saloua alifika mbio, akamkuta Dalenda macho wazi, anaweza kumeza. Neziha alikuwa ameshashika kipande cha halua.

"Halua ina mafuta, itachelewa kufanya kazi," Saloua alisema. "Lete maji yenye vijiko vitatu vya sukari. Haraka!"

Dalenda akanywa. Saloua akampima. Baada ya dakika kumi na tano akampima tena. Sukari ilikuwa imepanda. Ndipo akampa mkate.

"Angezimia, usingemtia kitu mdomoni," Saloua alimwambia Neziha. "Ungeita gari la wagonjwa."

Kisha akamgeukia Dalenda. "Leo umejidunga wapi?"

"Pajani."

"Na siku zote?"

"Hapa, kando ya kitovu. Hapaumi."

Saloua alipapasa tumbo. Akauchukua mkono wa Neziha, akauweka palepale.

"Pana kinundu!" Neziha alishtuka. "Kigumu kama kokwa la zeituni!"

"Ndiyo. Amejidunga mahali pamoja miaka mingi, ngozi imefanya vinundu. Insulini ikiingia humo hukwama. Leo inafanya kazi kidogo, kesho inafumuka yote. Sukari inapanda na kushuka, na mwili unachoka. Ni kama mtu anayepandishwa na kushushwa ngazi kutwa."

"Kumbe leo pajani imeingia yote," Dalenda alisema.

"Yote, na dozi uliyojiongezea juu yake. Usirudie, dada."

Neziha aliinamisha kichwa. "Na mimi nikamwita mvivu."

"Haukuwa uvivu, shangazi."

Siku ileile walikwenda kwa daktari. Alimpunguzia dozi, kwa sababu ngozi isiyo na vinundu huipokea insulini vizuri zaidi. Akampima pia damu na tezi ya shingoni, maana uchovu una sababu nyingi. Huko hakukuwa na tatizo.

Saloua alimfundisha kuhamahama: leo tumbo kushoto, kesho kulia, kisha mapaja. Kila sindano ikae mbali na ya jana, angalau upana wa kidole. Sindano mpya kila mara. Mahali penye kinundu, asipaguse mpaka palainike. Apime kabla ya kazi, na akiona dalili.

Neziha ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. "Leo zamu ya wapi?" aliuliza kila asubuhi.

"Paja la kulia, mama."

"La kulia lilikuwa jana! Usinidanganye, mimi nahesabu mafundo tangu nikiwa msichana!"

Wiki zilipita. Vinundu vilianza kulainika. Kipimo kiliacha kurukaruka. Dalenda aliamka na nguvu, akafuma hadi adhuhuri bila kukosea rangi. Siku nyingine alichoka bado, lakini alipima kwanza, akajua la kufanya.

Zulia lilipokwisha, siku ya kulikata kutoka kwenye nyuzi za mtande, Dalenda alitaka waanze jingine papo hapo.

"Hebu tulia, binti wee!" Neziha alisema, akinyoosha mgongo. "Mwenzio nimechoka."