Jiko Ndani ya Stoo ya Asali

Mama Obadia, jirani yetu hapa Itigi, alisema dada Eliza alipandwa na pepo. Eti alimsikia akikoroma ndani ya stoo yetu ya asali, akachungulia, akamwona amelala sakafuni macho yamegeuka.

Mimi nilikuwepo. Sikuona pepo. Niliona jiko.

Dada ana presha. Mama yetu alikufa kwa kiharusi, naye dada sasa amefika umri ule ule. Nesi alimwambia apunguze uzito. Ndipo Mama Obadia akamwonyesha video kwenye simu. Watu wa mjini walikuwa wakifanya yoga kwenye chumba cha joto, wanajinyoosha huku jasho linawatiririka.

"Joto tunalo," alisema Mama Obadia. "Ingiza jiko kwenye stoo ya asali. Mafuta yatayeyuka kama nta ya masega."

"Na maji ya kunywa?" nikauliza.

"Ukinywa unarudisha ulichotoa. Wewe mtoto unauliza sana."

Kesho yake dada akaingia stoo na jiko la mkaa, akafunga mlango, akaziba upenyo wa chini kwa kitenge. Nilikaa nje nikisikiliza pumzi zake. Zikawa nzito. Halafu sikuzisikia. Nikafungua, nikamburuta nje kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa haina rangi. Nikamwona mama yetu alivyokuwa siku ya kufa.

Hospitali walimwekea hewa ya oksijeni. Aliporudi, Dorkas, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, alikuja kututembelea.

"Kulikuwa na moshi?" aliuliza.

"Hapana," dada alijibu. "Mkaa ulishakolea."

"Basi hapo ndipo penye hatari. Mkaa unatoa hewa ya sumu. Huioni, haina harufu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, unalegea. Ukilala umekwisha. Jiko la mkaa halikai ndani ya chumba kilichofungwa, hata wakati wa baridi."

"Mbona wale wa kwenye simu hawafi?" dada akauliza.

"Wale hawatumii mkaa. Wana mwalimu, na maji wanakunywa. Hata hivyo, mwenye presha haingii kwenye joto lile bila kumwuliza daktari. Jasho lile ni maji, Eliza, si mafuta."

"Kwa hiyo yoga niache?"

"Nani kasema? Toa mkeka nje. Asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kunywa maji. Ukisikia kizunguzungu, kaa chini. Na dawa zako usiruke."

Dada akafanya hivyo uani. Kuku walimshangaa, wakazoea. Baada ya miezi mitatu nesi alipima presha, akatabasamu. Ilikuwa imeshuka.

Mama Obadia alicheka tu. "Mimi nasali. Pepo hanipandi." Jiko lake akalihamishia chumbani kwake, naye ayeyushe mafuta.

Jana asubuhi dada alinituma nimwite, aje wafanye yoga pamoja mkekani. Mlango ulikuwa umefungwa. Chini, upenyo umezibwa vizuri kwa kitenge. Niliweka kiganja kwenye dirisha la bati. Lilikuwa la moto, na jua lilikuwa halijatoka.

Mama Obadia hajawahi kuacha salamu. Hata akiwa na hasira na wewe, ataitikia marahaba.

"Shikamoo, mama."

Nikagonga, nikatega sikio.

Nikamwita dada alete shoka. Nikasukuma mlango kwa bega.

"Shikamoo, Mama Obadia. Nakuomba uitikie."